Chaki ya kukatia nguo ilivyouokoa mkono wangu

Mimi ni fundi cherehani, niko Tanga. Naandika kwa ajili ya wenye ganzi ya mkono wanaoambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, "Mkono haupasuliwi, utapooza." Maneno hayo yalinichelewesha karibu mwaka mzima.

Ilianza usiku. Saa nane naamka, mkono wa kulia umekufa ganzi, naukung'uta mpaka uchangamke. Jirani akasema baridi yabisi, nikachuliwa kwa maji ya moto na mafuta ya karafuu kila jioni. Zahanati moja ikanipa vidonge vya maumivu, wakasema ni shingo. Huku nyama ya chini ya gumba inabonyea, pini zinanidondoka, na uzi ananitilia mwanangu wa darasa la nne.

Usiku mmoja ganzi ilipokolea, nilichukua chaki ya kukatia nguo. Nikawa najigusa kiganjani kwa ncha ya pini, taratibu, na kila ganzi ilipoishia naweka alama. Gumba, cha shahada na cha kati vyote vimo. Kidole cha pete, mstari ukapita katikati yake: upande unaotazama cha kati una ganzi, unaotazama cha mwisho mzima. Cha mwisho hakina neno kabisa. Asubuhi nikanakili kwenye karatasi ya kukatia pateni, nikampelekea daktari wa mifupa.

Aliitazama, akanikunjisha vifundo vya mikono kwa dakika moja. Ganzi ikaja pale pale. Akasema mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo, chini ya kano pana, na vidole unavyovihudumia ndivyo hivyo nilivyochora.

Niliuza cherehani ya pili ili nipasuliwe, ikatosha na nauli. Walinichoma sindano ya ganzi mkononi tu, niko macho, na kuikata ile kano hakukuzidi nusu saa. Vidole nilianza kuvikunja siku ile ile, mkono juu ya mto. Wiki haijaisha nikalala mpaka adhana ya alfajiri. Nililia kwa furaha.

Nyuzi zilitolewa baada ya wiki mbili. Ila jiandae: shina la kiganja linauma ukiegemea meza, tena kwa miezi. Mkasi mkubwa nimeushika sawasawa mwezi wa tatu.

Nyama ya gumba haijajaa. Daktari alisema ikishakonda sana huenda isirudi, na hapo ndipo mwaka ule wa kuchuliwa unaponiuma. Vifungo vidogo bado vinanisumbua. Lakini uzi natia mwenyewe.