Nilivyomwingiza farasi mkorofi kwenye kundi lililozoeana

Nina farasi watano waliokaa pamoja miaka mingi, kila mmoja anajua nafasi yake, sa nikaletewa wa sita, dume aliyehasiwa, na aliyenipa aliniambia wazi kabisa huyu anang'ata na anapiga mateke. Siku ya kwanza tu nimepita na ndoo akalaza masikio nyuma na kunitolea meno, nikajua hapa kuna kazi.

Nilianza kwa kumtenga wiki tatu mbali na wenzake, maana farasi mgeni anaweza kuwa amebeba ule ugonjwa unaovimbisha tezi za koo na usimjue kwa macho. Kipindi hicho daktari wa mifugo akamkagua meno, mgongo na kwato, akakuta jino la nyuma lina ncha inamchana shavu kwa ndani. Likasagwa, ukali ukapungua kidogo. Farasi mwenye maumivu utamfundisha nini jamani, tibu kwanza.

Alafu nikamhamishia malisho ya pembeni mwa kundi, na hapa naomba mnisikilize, niliweka uzio mbili zenye nafasi kama mita tatu katikati. Wakinusana kwenye uzio mmoja huwa wanapiga ukelele na kurusha mguu wa mbele, mguu ukinasa kwenye waya umempoteza mnyama. Siku kumi wakawa wanaonana tu, mwanzoni anakimbia kutwa nzima na uzio, mwishoni anakula nyasi huku kawapa mgongo.

Kabla ya kumchanganya nilimvua viatu vya chuma vya miguu ya nyuma, yeye na wengine wote. Sikumwachia kundi zima, nilimchagulia jike mmoja mzee, mtulivu lakini haonewi, nikawaweka wawili tu asubuhi wakiwa wameshiba, uwanja mpana, kona nimeziziba kwa mbao, nyasi kavu mafungu manne yaliyoachana sana. Yule dume akamwendea mbio kichwa chini. Jike hakukimbia. Aligeuza makalio taratibu, akanyanyua mguu mmoja, akauacha hewani bila kupiga, na dume akafunga breki, akashusha kichwa akawa anatafuna wakati hana kitu mdomoni. Nilisimama pale na hatamu mkononi nikalia kidogo, kusema ukweli. Nahisi huyu alikulia peke yake, hakuwahi kuonywa na farasi mwenzake.

Baada ya hapo kila siku nne tano naongeza mmoja, kiongozi wao nikamweka wa mwisho. Siku hiyo alimkimbiza dume karibu dakika ishirini, akamng'oa manyoya ya paja, na mi nikajizuia nisiingilie, maana kukimbiza alafu kuacha ni kawaida yao. Ningeona amembana sehemu asiyoweza kutoka na bado anapiga, hapo ningewatenganisha palepale. Ilibidi uwe na moyo.

Wiki ya sita tangu nianze kumchanganya nikamkuta na yule jike mzee wamesimama kichwa kwa mkia, wanakwaruzana kwa meno pale shingo inapoungana na mgongo, mdomo wa dume umelegea kabisa na macho nusu yamefumba. Chakula cha nafaka bado nampa peke yake nyuma ya uzio, na hilo sidhani kama ntalibadilisha.