Kupiga Msamba Hakutoshi: Nguvu ya Kuubakiza Mguu Juu

Wachezaji wengi ninaowafundisha hapa Bagamoyo hupiga msamba mpaka mapaja yakalala sakafuni, lakini ukiwaambia wasimame na kunyanyua mguu mmoja mbele hadi usawa wa kifua bila kuushika, mguu hutetemeka kidogo, kisha hushuka. Wengi huamua kuzidisha kujinyoosha, na hapo ndipo ninapotofautiana nao. Ikiwa mkono wako unaweza kuufikisha mguu mahali fulani bila maumivu, basi ulaini unao tayari. Kinachokosekana ni nguvu ya kuubakiza mguu pale pale mkono unapoachia.

Ngoma zetu humjenga mchezaji kiunoni, magotini na nyayoni, uzito wake ukielekea ardhini. Dansi ya kisasa, ambayo vijana wengi wa mji huu wenye chuo cha sanaa tangu mwaka 1981 wanaitamani, inadai nguvu ya namna nyingine. Msuli mkubwa wa mbele ya paja hufanya kazi vizuri mguu ukiwa chini, lakini mguu ukipita nyuzi 90 msuli huo huwa umekwisha kufupika na hauna tena nguvu nyingi ya kutoa. Kazi iliyobaki ni ya msuli wa ndani uitwao soasi, unaoanzia kwenye pingili za kiuno, ukapita mbele ya nyonga na kujishikiza juu ya mfupa wa paja kwa upande wa ndani. Mchezaji ambaye paja lake hukakamaa na kubanwa kila anyanyuapo mguu huwa anautumia msuli wa paja pale ambapo soasi ndiyo ingepaswa kufanya kazi.

Zoezi ninalolithamini kuliko yote halihitaji zaidi ya kigoda. Keti mgongo ukiwa wima, shika goti kwa mikono miwili ulivute juu kupita usawa wa nyonga, kisha achia mikono na ulizuie goti lisishuke kwa sekunde tano. Tazama mwili unavyotafuta njia ya mkato: mgongo unaegemea nyuma, bega linapanda, pumzi inakatika. Ukiona hivyo, lishushe goti kidogo uanze upya, kwa sababu kimo kinachopatikana kwa kupinda mgongo hakiijengi soasi hata kidogo. Fanya mara nane kila mguu, na likishakuwa jepesi, zungushia mapaja kipande cha tyubu ya baiskeli ili goti lipande kwa kushindana nacho. Baadaye keti mkekani, miguu ikiwa imenyooka mbele, weka tofali kando ya kifundo cha mguu, uvushe mguu juu yake kwenda na kurudi bila kupinda goti, ukiuteremsha polepole kuliko ulivyoupandisha.

Mguu unaosimama nao una haki yake. Msuli wa pembeni ya tako ukilegea, nyonga huinama upande mmoja na mguu ulio juu hupoteza kimo. Lala ubavu, nyanyua mguu wa juu ukiwa umenyooka, kisha ujizoeze kusimama kwa mguu mmoja kwenye sakafu ngumu. Mchanga wa ufukweni maji yakiwa yamekupwa ni mzuri, ila uje baadaye.

Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha, pamoja na siku ya kupumzika katikati, na usitarajie mabadiliko ya kuonekana kabla ya wiki kadhaa. Kujinyoosha kwa kutulia muda mrefu hupunguza nguvu ya msuli kwa kitambo, hivyo kuwekwe mwisho wa mazoezi. Maumivu ya kubana kinenani ni sababu ya kusimama na kumwona mtaalamu wa tiba ya viungo.

Walimu wenzangu, nawasihi tuache kuisukuma miguu ya wanafunzi juu kwa mabega yetu. Umbo la tundu la nyonga hutofautiana kati ya mtu na mtu, na kuna mchezaji ambaye mfupa wake utagota mapema hata awe na nguvu kiasi gani.