Kumbe damu ya fizi ni karamu ya mtu

Ndiyo tumetoka na mama kwa daktari wa meno, tuko kwenye foleni ya feri, Likoni.

Fizi zake zinatoka damu tangu kabla ya Ramadhani. Akisukutua maji ya chumvi, basi, kwake yamekwisha.

Daktari kamwonyesha eksirei: mfupa wa taya umelika. Mama akauliza, "Wadudu ndio walioutafuna?"

La. Kinga yake mwenyewe!

Bakteria wakijazana kwenye ukoga chini ya ufizi, seli nyeupe za damu humiminika kupigana nao. Kemikali zake huumiza nyama na kuamsha seli zinazomumunya mfupa. Kama polisi kurusha vitoza machozi sokoni: mwizi yupo, wanaolia ni wenye vibanda.

Aliyenikaa kichwani ni bakteria mmoja, Porphyromonas gingivalis. Huivuruga kinga isimuue, lakini uvimbe uendelee, maana anataka madini ya chuma yaliyomo kwenye damu. Yaani ufizi ukitoka damu, yeye anakula.

Ujanja gani huu jamani?

Mama kasafishwa, mdomo una ganzi, leo hanigombezi mpaka jioni 😂

Nani kashasafishwa ukoga hapa? Ganzi ikiisha inauma sana?