Pale kati pawe peupe

Nina miaka kumi na tisa nikipaka magari rangi hapa Nakuru. Nimepaka matatu za Njoro na za Molo, lori za mawe, Probox za kubeba mboga, na basi moja la shule ambalo hadi leo likinipita barabarani huwa naliangalia mlango wa nyuma kwanza. Kwa hivyo shemeji yangu aliporudi likizo kutoka Uingereza mwezi wa Desemba, akaja gereji na boksi refu kwapani, hakunieleza mengi. "Shemeji, hii ni saizi yako," akasema, akaliweka juu ya boneti na kuomba chai.

Ndani mlikuwa na modeli ya Saturn V, ile roketi iliyowapeleka Wamarekani mwezini, imegawanywa vipande vya plastiki nyeupe vilivyoshikana na fremu zao kama ndizi kwenye chane. Kazi ni kuvikata, kuviunganisha na kuvipaka rangi. Kipimo chake ni moja kwa 144. Roketi yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 110.6, yaani ilikuwa inalipita hata jumba la mikutano la KICC la Nairobi lenye mita 105, na ikishajazwa mafuta ilikuwa na uzito wa karibu tani 2,900. Hebu fikiria jumba kama lile likiinuka kutoka chini na kwenda zake. Ukigawanya ule urefu kwa 144 unapata kama sentimita 77, kimo cha mtoto anayejifunza kusimama. Kabla shemeji hajamaliza chai yake nilikuwa nimeshaanza kukata vipande kwa kikata kucha.

Sisi watu wa gereji tumezoea duko, ile rangi ya magari, na thina yake. Nashukuru sikuanzia kwenye roketi. Mazoea ya kazi yetu ni kuijaribu rangi mahali pasipoonekana, basi nilikata kijiti cha fremu nikakidondoshea tone moja la thina. Kwanza kiling'aa. Halafu kikalainika juu juu kama sukari iliyoingia unyevu, na nilipokibonyeza, alama za kidole changu zikabaki pale, mistari yote, kama nimepiga sahihi ya kitambulisho. Plastiki yenyewe ni polistairini, na thina ya duko inaila. Nikaweka duko kando, nikanunua rangi ya akriliki ya wachoraji, ile inayochanganywa na maji, na nikaitoa eabrashi yangu, kile kipulizio kidogo cha rangi ninachochorea sura za wachezaji mpira kwenye matatu. Kompresa niliishusha hadi presha ya paundi 15. Kwenye gari huwa napiga kwa 40.

Gundi yake inafanya kazi hiyo hiyo ya kuyeyusha, ila kwa adabu. Unaipitisha kwa brashi nyembamba kwenye kingo mbili, zinalainika, zinashikana, zikikauka zimekuwa kitu kimoja. Ni kuchomelea bila moto. Mwili wa roketi huja nusu mbili, kwa hivyo ukishaunganisha unabaki na mshono kuanzia juu hadi chini, na roketi ya kweli haikuwa na mshono kama huo. Bodifila ya magari ina chembe kubwa mno kwa kitu kidogo hivi. Nilichanganya supaglu na poda ya mtoto, nikaziba, halafu nikapiga msasa wa maji: namba 400, kisha 800, kisha 1200, hadi kidole kikipita hakisimulii chochote.

Kuhusu vumbi, mtu wa Nakuru hahitaji kuelezwa. Wazee husema hata jina la mji linatokana na vumbi kwa Kimaasai. Ikifika saa tano asubuhi wakati wa kiangazi, chamchela zinaanza kutembea uwanjani kama watu waliotumwa, na rangi mbichi inageuka kuwa msasa. Kwa hivyo nilikuwa nafungua gereji saa kumi na mbili kasorobo, namwagia sakafu maji ili vumbi lilale, napaka, na kufika saa mbili nimeshafunika kazi kwa beseni. Nyeupe niliipiga mara tatu, nyepesi nyepesi, kila siku mara moja.

Halafu ikaja nyeusi, na hapo ndipo hadithi yangu ilipo.

Ukiangalia Saturn V kwenye picha utaona ina mabaka meusi na meupe yanayopokezana. Miaka yote nilidhani ni urembo, wamepaka ipendeze kwenye televisheni. Siyo. Roketi ni mviringo, na mviringo mweupe mtupu ukijizungusha angani huwezi kujua. Wale mafundi walitaka mtu anayeitazama kwa kamera aone kama inajizungusha, na kwa kiasi gani. Ni kama tunavyopiga alama ya chaki kwenye tairi tukitaka kuona linavyozunguka. Nilipolielewa hilo niliweka eabrashi chini nikakaa kidogo. Nimesikia mara nyingi, hata kwa wateja wangu wazuri, kwamba kunyoosha bodi ndiyo kazi na rangi ni ya kupendezesha tu. Ule mstari wa manjano uliowekwa kwenye matatu zote mwaka 2004, wakati wa Waziri wa Uchukuzi John Michuki, madereva wengi waliuona kama adhabu kwa michoro yao. Mimi niliupenda. Ulikuwa rangi yenye kazi: mtu anaona mstari, anajua hili gari ni la abiria.

Basi nikapima. Kipenyo cha sehemu ya chini kabisa ya roketi ni mita 10 na kidogo, kwa hivyo kwenye modeli ni sentimita 7, na mzunguko wake ni sentimita 22. Nilikata ukanda wa karatasi ya daftari, nikauzungusha hadi ukakutana, nikaukunja mara mbili. Mikunjo ikanipa robo nne za sentimita tano na nusu, bila kuhangaika na rula kwenye kitu cha mviringo. Maskin tepu ya gereji huwa na ukingo uliochafuka, kwa hivyo niliibandika kwenye kioo nikaukata ukingo mpya kwa wembe. Na kuna jambo moja ambalo nawafundisha vijana wangu wote: ukishabandika tepu, usikimbilie nyeusi. Piga kwanza nyeupe ileile iliyo chini. Kama kuna mwanya, ni nyeupe itakayoingia na kuuziba, na nyeusi ikifuata haina pa kupenya. Nilipobandua, mstari ulikuwa umesimama kama umekatwa kwa kisu. Nilimwita kijana wangu wa gereji aje auone.

Nilifuata mchoro wa kwenye karatasi ya maelekezo, baka kwa baka. Jioni nikaipeleka nyumbani.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Aliizunguka, akachukua simu, akatafuta picha za tarehe 16 Julai 1969, siku Apollo 11 iliporuka kutoka Florida. Akaiweka simu kando ya modeli, akanyamaza muda. "Baba, hapa kati kwa picha ni peupe."

Hatua ya kwanza ya roketi ile ina tangi mbili. Ya chini ni ya mafuta ya taa, yaliyosafishwa zaidi lakini ni jamaa ya haya tunayotia kwenye stovu, na ya juu ni ya oksijeni iliyopozwa hadi ikawa maji. Injini tano zilizimaliza zote mbili kwa kama dakika mbili na nusu. Kati ya tangi hizo kuna nafasi iliyozungushiwa bati la mikunjo. Mimi nilikuwa nimepaka mabaka meusi pale, kama karatasi ilivyosema. Kwenye picha palikuwa peupe pote.

Tulikaa mezani hadi saa tano usiku, ugali umepoa. Tulichokuta ni hiki. Kabla ya roketi zilizoruka, kulikuwa na moja iliyoitwa 500F, ambayo haikutengenezwa iruke. Waliitoa nje tarehe 25 Mei 1966 ili wafanyie mazoezi: je, inapita mlangoni, je, mabomba yanafika, je, mnara unalingana. Hiyo ndiyo iliyokuwa na weusi pale kati. Ilipokaa juani, ile nyeusi ikavuta joto, na ndani ya ile nafasi pakawa moto kupita walivyotaka. Kwa hivyo zilizofuata, zile zilizobeba watu, wakapapaka nyeupe. Aliyechora karatasi yangu alifuata picha za ile ya mazoezi.

Asubuhi nilimwonyesha binti yangu kitu kabla hajaenda shule. Uani palikuwa na Probox mbili, nyeusi na nyeupe, na jua lilikuwa limeshazipiga vya kutosha. Nikamwambia aweke kiganja kwenye boneti ya ile nyeupe. Akaweka, akaniangalia. Kisha kwenye nyeusi. Akautoa mkono haraka. "Na hiyo ni saa tatu," nikamwambia. Kila mwenye gari jeusi katika mji huu anajua walichokijua wale mainjinia.

Kijana wangu wa gereji hakuona haja ya kurudia. "Fundi, si hivi ndivyo karatasi inasema?" Ni kweli, lakini ile ya karatasi haikwenda mahali. Mimi nilitaka iliyokwenda.

Kurudia kwenyewe kulikuwa kazi. Kupiga nyeupe juu ya nyeusi kungehitaji rangi nzito, na msasa usingewezekana, kwa sababu lile bati la mikunjo limechongwa kwenye plastiki kwa matuta membamba kama uzi. Msasa mmoja yamekwisha. Tulitumia spiriti, ile ya kusafishia vidonda, na pamba za masikioni. Unalowesha, unalaza pamba kwenye bonde moja kati ya matuta mawili, unahesabu hadi kumi, unavuta kuelekea chini. Nyeusi inatoka kwanza kama wino, halafu kijivu, halafu tuta linaonekana, jeupe la plastiki yenyewe, na ukiliinamia kwa taa unaona lina kivuli chake upande mmoja. Unatupa pamba, unachukua nyingine, unakwenda bonde linalofuata. Binti yangu alifanya upande wake, mimi wangu, jioni mbili mfululizo. Tulimaliza paketi nzima ya pamba. Siku ya tatu, kabla ya jogoo wa jirani kutulia, nilikuwa gereji namwaga maji sakafuni.

Zilizobaki zilikwenda vizuri. Herufi nyekundu za USA ni stika za kulowesha. Unaziweka kwenye maji ya vuguvugu, zinajitenga na karatasi, unazitelezesha mahali pake kwa ncha ya brashi. Kileleni kabisa, chini ya mnara mwembamba wa kuwaokoa wanaanga hatari ikitokea, kuna kile kibanda walichokaa watu watatu. Kwenye modeli yangu kina upana wa sentimita 2.7, kama kifuniko cha soda. Katika sentimita zote 77, ni hicho peke yake kilichorudi nyumbani. Nilikipaka mwisho, peke yake, kwa brashi ya nywele chache, na sikutaka mtu aniongeleshe.

Sasa roketi imesimama juu ya kabati la sahani, mbali na watoto wa jirani. Shemeji alipiga simu ya video akataka kuiona, nikamwonyesha pale kati kwanza.

Lakini binti yangu alikuwa na swali lingine. Mwalimu wao aliwaambia kuwa hata kwetu roketi ziliwahi kurushwa, na ni kweli. Kule Ngomeni karibu na Malindi kuna majukwaa ya San Marco, yamesimama baharini, na tarehe 12 Desemba 1970, miaka saba kamili ya uhuru wetu, iliruka roketi aina ya Scout ikiwa na setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kuchunguza eksirei za angani. Ikaitwa Uhuru. Jina la Kiswahili, juu kule. Akataka kujua ile Scout ingekuwa na ukubwa gani ikisimama kando ya hii yetu.

Tukapiga hesabu. Ilikuwa na urefu wa kama mita 23, kwa hivyo sentimita 16. Unene wake chini, mita moja na kidogo, unakuwa milimita saba. Akaangalia mezani, akachukua penseli yake akaisimamisha kando ya Saturn V. Ilikuwa imeshachongwa kidogo. Tukaipima kwa rula: sentimita kumi na sita na nusu.

Jumamosi hii nimeipiga msasa hadi zile pembe sita zikawa mviringo, nikaiziba nyufa za mbao, nikaipiga praima ya kijivu. Imening'inia kwa uzi kwenye msumari, chini ya beseni, inakauka. Binti yangu ameshaniambia kuwa mabawa ya mkiani atayakata yeye, kwa kifuniko cha mtindi.