Pasaka Tuliyoianzia Kitonga

Coaster tuliikodi kwa shilingi 2,200,000 kwenda na kurudi, mafuta juu ya mwenye gari, na bado dereva alisimama Mikumi akaomba "ya maji". Nayasema haya mapema kwa sababu mimi ni mhazini wa kwaya, na mhazini akisafiri hafumbui macho ila mbele ya bei.

Tulikuwa tumealikwa kuimba Pasaka kwa Wamoravian wa Rungwe. Mchungaji wetu na mchungaji wao walisoma theolojia pamoja, ndiyo asili ya mwaliko. Barua ilitutaja kuwa "kwaya ya Kilutheri kutoka Morogoro", kana kwamba ni moja. Ndani ya gari tulikuwa mbili. Mbele walikaa wazee na vitabu vyao vya nyimbo. Nyuma walikaa vijana na kinanda, kimefungwa blanketi na kulazwa kwenye viti viwili ambavyo ningeweza kuwauzia watu. Mimi nilikaa katikati na begi la pesa mapajani.

Ugomvi ulianza na kinanda, ukaja kuota mizizi kwenye msiba. Baba Neema, mwenyekiti wetu wa miaka mingi na nguzo ya besi, aliliandikia baraza la wazee barua kwamba kinanda kinameza maneno ya wimbo. Vijana wakanuna. Kisha akaugua, akafariki. Siku tunamzika Gairo, vijana walikuwa kwenye miteremko ya Uluguru wanarekodi video, maana studio ilishachukua advansi na ilikataa katakata kusogeza tarehe. Hakuja hata mmoja. Kaburini aliimbiwa na wazee peke yao, besi ikiwa na watu wawili, mmoja wao ana pumu. Tangu hapo tukawa tunasalimiana kwa vichwa. Meza ya Bwana tuliendelea kushiriki bila kukosa, kikombe kilekile, na mkono wa aliyetoka kunywa haukumgusa anayefuata.

Tuliondoka Ijumaa Kuu mchana, ibada ilipokwisha. Kufika Kitonga giza linaingia, na kwenye kona moja juu trela lilikuwa limekata barabara, kichwa kimegota ukingo wa mlima, mkia umeziba upande wa pili. Nyuma yake foleni. Nasi tulipojiunga na foleni hiyo Coaster ikaanza kuchemsha. Dereva akafungua boneti, akatazama ule mvuke, akafunga, akasema, "Hapa tumelala." Hakusema kwa huzuni hata kidogo.

Baada ya nusu saa bodaboda zikaanza kupanda kutoka Ruaha Mbuyuni na biashara. Chai shilingi 1,000 kikombe, yai 1,000, hindi la kuchoma 1,500, maji makubwa 3,000. Nikamuuliza kijana wa mayai kama kuku wake wanataga dhahabu. "Mama, mlima huu umetupandisha wote," akanijibu. Nikanunua.

Nyuma yetu lilisimama basi la Tunduma. Humo alishuka sista mmoja Mkatoliki, mama wa makamo, akasogea penye mwanga wa taa za gari na kuuliza kama kuna atakayependa kusikiliza habari ya mateso, maana yeye alikusudia kuwa kanisani saa hizo na sasa yuko barabarani. Watu wakakusanyika. Akasoma Yohana kwa tochi ya simu, taratibu, bila madoido. Kulikuwa na Wapentekoste kadhaa kutoka basi hilohilo, nao kila baada ya aya wakapiga "Amina!" mahali ambapo Mkatoliki hategemei amina. Mara ya kwanza sista alishtuka. Mara ya tatu akawa anawasubiri.

Alipomaliza, mtu akaanzisha wimbo, ule ambao Mkristo wa dhehebu lolote nchi hii anaujua. Alianza juu mno. Mzee wetu wa tena, yaani sauti ya tatu, hakuvumilia. Akawasimamisha na kutoa sauti upya kwa mdomo: ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Kinanda kilikuwa garini, hakina umeme, na vijana hawakuwa na pa kujificha. Wakaingia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kwaya nzima kuimba bila kinanda, na ndipo nikasikia kilichokuwa kinafunikwa. Chini palikuwa na shimo. Soprano inapanda, alto inaifuata, tena inashika, halafu unasubiri ile sauti ya kuibeba nyumba nzima, haipo.

Ubeti wa pili ikaja.

Ilitoka gizani, upande wa malori. Turnboy mmoja, Mzambia, kajifunga shuka kiunoni, ameegemea tairi la lori lake, anaimba besi kwa Kibemba. Wimbo uleule, tuni ileile, maneno sikuelewa hata moja. Besi nzito, isiyo na haraka. Aliposogea kwenye mwanga tukaona ni kijana mdogo kabisa, na baadaye ikajulikana Kiswahili chake chote ni "poa" na "bei gani". Tuliimba beti zote. Tulipomaliza tukarudia. Madereva Waislamu waliokuwa wakinywa kahawa pembeni walitusikiliza, mmoja akasema hawa sasa wamepata dawa ya foleni.

Mpiga kinanda wetu alikuwa amekaa kwenye jiwe la ukingoni. Nilimsikia anasema, bila kumwambia mtu, "Hiyo besi ya Baba Neema kabisa." Hakujua kwamba mjane amesimama hatua mbili nyuma yake. Mama Neema hakusema neno. Alikwenda garini, akarudi na chupa yake ya chai, ile ya bluu ambayo mkono wake umekatika na kufungwa kwa kamba ya katani, akamimina kwenye kifuniko. "Kunywa. Ina tangawizi." Kijana akaipokea kwa mikono miwili, akabaki nayo, mvuke unampanda usoni. Kama alisema asante sikuisikia.

Asubuhi ikaja winchi kutoka Iringa. Mafinga na Makambako nilizipita nimelala, nikaamshwa na baridi tu. Uyole tukakunja kushoto, mvua ikaanza, na haikukata mpaka tunaingia Rungwe jioni. Huko hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na naona nyingi waliitunza kwa ajili yetu. Dereva alikataa kulala kwa wenyeji, akataka gesti ya Tukuyu: 25,000, maji ya moto hakuna, na risiti wakasema kitabu kimeisha.

Sisi tuligawanywa majumbani. "Mugonile," wakatupokea, wakatucheka tulivyoitikia. Ndizi kwa nyama, maziwa, parachichi ambalo kwetu Morogoro lingekatwa vipande vinne na kuuzwa kimoja kimoja. Nyumba niliyofikia ilikuwa ya mwinjilisti mstaafu, na baada ya chakula wenzetu wengi walikusanyika pale kwa sababu jiko lilikuwa kubwa. Mzee yule akatutazama, upande huu na upande ule, tulivyokaa.

"Ninyi mnagombania nini?"

Kila mtu akatazama kikombe chake.

Hakungoja jibu. Alitusimulia wakimbizi kutoka Moravia waliofika mwaka 1722 kwenye ardhi ya bwana mmoja wa Saksonia, Zinzendorf, wakajenga kijiji cha Herrnhut. Walikuwa wamekimbia mateso kwa ajili ya imani, akasema, na walipopata amani wakaanza kutesana wenyewe kwa wenyewe. Walutheri walikuwemo, Wamoravian walikuwemo, na wengine, kila mmoja na utaratibu wake wa ibada. Ikafika mahali mmoja akamwita Zinzendorf yule mnyama wa Ufunuo. Zinzendorf akaacha shughuli zake za serikali, akawa anapita nyumba kwa nyumba. Mei 1727 wakatia saini makubaliano ya kuishi pamoja, na tarehe 13 Agosti mwaka huo wakashiriki Meza ya Bwana katika kanisa la Berthelsdorf, wakatoka humo wanalia na kukumbatiana. Miaka mitano baadaye wakawa wanatuma wamisionari, na mwaka 1891 akina Theodor Meyer wakafika hapahapa Rungwe. Wajerumani walipoondolewa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, waliokuja kuyalea makanisa haya ni Wapresbiteri wa Kiskoti kutoka Livingstonia, ng'ambo ya Ziwa Nyasa.

"Sasa kule Herrnhut nani alishinda?" akauliza kijana wetu mmoja, kwa utani.

"Mwanakondoo," mzee akajibu, akaomba aongezewe chai. Baadaye niliiona nembo yao na maneno yake nikaelewa kwamba jibu hilo analo siku zote mfukoni. Halafu hakutuomba mchango wowote, jambo ambalo mhazini analikumbuka.

Saa tisa usiku matarumbeta yakatuamsha. Hao Wamoravian huzunguka kijiji wakipuliza, na usifikiri utajifunika blanketi wakupite. Tulikwenda makaburini kwa tochi, matope hadi kwenye vifundo, viatu vya soprano viwili vikabaki njiani. Desturi hiyo nayo ilianzia Herrnhut, mwaka 1732, vijana walipopanda kilimani penye makaburi kungoja mapambazuko ya Pasaka. Makaburi yale hayana majigambo. Hakuna anayemzidi mwenzake kwa marumaru.

"Bwana amefufuka!" akapaza mchungaji. "Amefufuka kweli kweli!" wakaitikia mamia gizani. Kisha akasema watatajwa waliolala tangu Pasaka iliyopita. Majina yakasomwa, mengi, la mtoto mmoja likasomwa polepole. Akamaliza, akageuka. "Na wageni wetu, mnao wa kuwataja?"

Kimya. Wazee tulitazamana, jina lilikuwa letu, kila mmoja akamwachia mwenzake. Akatoka mpiga kinanda, suruali imekunjwa hadi magotini, akasimama kwenye tope mbele ya Wanyakyusa wote wale akataja majina matatu ya Baba Neema, yote, hata lile la babu ambalo mimi sikulijua. Akaongeza, "alikuwa besi wetu, amelala akiwa na miaka sabini."

"Sitini na nane," Mama Neema akasahihisha kwa sauti.

"Sitini na nane," akarudia.

Watu wakacheka kidogo, matarumbeta yakaingia. Jua lenyewe hatukuliona, wingu lilikuwa limeketi juu ya Mlima Rungwe. Nilipotazama tena, Mama Neema alikuwa ameshika mkono wa yule kijana kuvuka mtaro, au yeye kamshika, haikueleweka nani anamvusha nani.

Nyumbani, juu ya mlango wa ofisi ya usharika, umeandikwa mstari wa Waefeso kwa rangi ya bluu, kwamba Kristo "akakibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga". Chini yake ndipo tunapopanga foleni kulipa ahadi, wazee mbele na vijana nyuma. Tunaujua kwa kichwa. Biblia kwetu tunaijua sana, kiasi kwamba tulipogombana kila upande ulikuwa na aya zake, na barua ya Baba Neema ilikuwa na sita. Sikumbuki aya hata moja iliyomlainisha mtu. Pale makaburini haikusomwa aya ya kutusuluhisha. Lilitangazwa jambo moja, kwamba kaburi halikumshika Yesu na halitawashika wake. Na ukiliamini hilo, basi mtu uliyekosana naye hajaondoka. Utamkuta. Utasimama naye sauti ya nne, na barua yake kuhusu kinanda bado hujaijibu. Nadhani ndicho kilichomsukuma yule kijana kwenye tope, ingawa yeye nilipomuuliza alisema alisikia baridi tu, akataka mambo yaishe.

Ibadani umeme ulikatika tukiwa wimbo wa pili. Tukaendelea.

Tuliondoka Jumatatu, wenyeji wametujazia ndizi mpaka kwenye viti vya kinanda, na kinanda kikasafiri mapajani mwa wazee wawili. Makambako tulinunua viazi, Ilula vitunguu. Iringa dereva alidai 150,000 zaidi kwa ajili ya usiku wa Kitonga, na hapo kwa mara ya kwanza mbele na nyuma ya gari vikasema kwa kinywa kimoja. Tulimpa 40,000.

Tukishuka Kitonga mpiga kinanda akaja kukaa karibu nami, akaniuliza nauli ya kwaya nzima kwenda Gairo ni shilingi ngapi. Neema na mama yake wanajengea kaburi mwezi wa saba, naye anaona kwaya ikaimbe. Nikampigia hesabu. Akasema basi zitoke kwenye mfuko wa kinanda kipya.

"Pesa ya kinanda isiguswe!" ikatoka sauti mbele. Alikuwa mzee wa tena, yuleyule aliyeibeba barua ya Baba Neema mpaka mezani kwa baraza. "Mlichangisha kwa ajili ya kinanda, itanunua kinanda. Ya Gairo tuchange upya."

Vijana wakakataa. Wazee wakakataa kukataliwa. Tulibishana hivyo mpaka Mikumi, dereva alipotuamuru tufunge vioo kwa sababu ya nyani, na kwenye daftari langu mpaka hapo walikuwa wameahidi watu kumi na mmoja, saba wakiwa wa nyuma.