Nilivyoacha kugombana na wateja wa asali kwa sababu ya meseji

Nauza asali ya Tabora kwa jumla. Wateja wangu wengi wako Dar es Salaam, na kila kitu tunamalizana kwa simu. Mwanzoni nilishauriwa nisiandike bei kamili wala vipimo: "Andika kifupi tu, akitaka atapiga mtaelewana." Ushauri huo uliniumiza, na bado nawasikia watu wakiwapa vijana wanaoanza.

Meseji yenyewe ilikuwa hii: "Asali ipo safi, ndoo 10 za 20, elfu nane." Nilimaanisha ndoo za lita 20, elfu nane kwa kilo. Mteja akasoma kilo 20. Akapiga hesabu ya kilo 200 na kutuma 1,600,000 wakati mzigo umeshaondoka. Lita ni ujazo, kilo ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, lakini asali ni nzito, lita yake inakaribia kilo 1.4, hivyo ndoo ya lita 20 ikijaa inafika kama kilo 28. Ndoo 10 ni kilo 280, sawa na 2,240,000. Laki sita na arobaini zikawa ugomvi, na kila mmoja alikuwa anaonyesha meseji ileile kama ushahidi wake. Tuligawana hasara.

Siku hizi naandika hivi:

"Asali ya nyuki wakubwa, imechujwa. Ndoo 10, kila ndoo lita 20, kwenye mizani kilo 28. Jumla kilo 280. Kilo moja 8,000. Jumla 2,240,000. Nauli ya mzigo juu yako. Unaondoka Tabora Jumanne tarehe 14, saa 12 asubuhi."

Hilo neno "asubuhi" usiliache. Kuna wanaosoma saa kama simu inavyoionyesha, ukiwaandikia "saa 4" tu wanakwenda stendi saa 10 jioni.

Salamu siikati, maana kumwingilia mama mtu mzima na bei ni kukosa adabu. Naituma peke yake, "Shikamoo mama, habari za huko," akiitikia ndipo natuma ya mzigo, isiyo na neno jingine, ili akiitafuta baadaye aione yote pamoja.

Miezi ya baridi naongeza sentensi moja kabla ya kupakia: asali ikiganda si kwamba imetiwa sukari, weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, usichemshe. Ukisubiri alalamike kwanza, maelezo yaleyale atayaona ni kujitetea.

Na jibu la "sawa" silipokei. Namwomba mteja aniandikie mwenyewe kilo na jumla ya hela. Ikirudi "kilo 280, 2,240,000, nauli yangu," ndipo nabeba ndoo kwenda stendi.