Daftari la kaa

Kaa wa kwanza kwenye kauntabuku langu ni dume wa gramu 740, katoka mikoko ya Mbutu, huku kwetu Kigamboni. Tarehe ipo, uzito upo, bei ipo. Aliyemchokoa hayupo. Miaka minne niliandika hivyohivyo, kwa sababu tajiri wangu alikuwa anauliza kilo tu.

Kazi yangu ni kununua kaa hai. Maji ya bamvu yakipwa, wachokoaji wanaingia kwenye tope na ndoo, kila mmoja na chuma chake kilichopinda ncha, wanapita shimo hadi shimo. Wengi ni kina mama. Maji yakianza kurudi wanatoka, na mimi nipo juu na mzani. Kaa wanafungwa magando, wanapangwa kwenye tenga, juu gunia lililoloweshwa, kisha navuka kwa pantoni. Wengine wanaishia soko la samaki la Feri, wakubwa wanakwenda kwa tajiri anayesafirisha nje. Kaa akifa njiani hasara ni yangu, kwa hiyo nawajua hawa viumbe vizuri.

Mwaka jana tuliitwa kikao. Mgeni mmoja akatueleza kwamba kaa wanapungua, jambo ambalo hakuna aliyembishia, na kwamba dawa yake ni mgao. Wahesabiwe, ipangwe idadi ya tani za mwaka, kila mtu apewe fungu lake, likiisha limeisha. Akatoa mfano wa Alaska, Marekani. Watu wakapiga makofi. Bibi mmoja wa Mbutu, aliyeanza kuchokoa kaa kabla mimi sijazaliwa, akaniinamia na kuniuliza, "Mwanangu, hilo fungu langu litaandikwa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikaanza kusoma habari za huko Alaska, usiku hadi usiku, na nataka niwaeleze nilichokikuta, maana kinatuhusu.

Zamani kule msimu wa kaa ulikuwa mashindano. Unafunguliwa, meli zote zinakimbia, na msimu mzima unaweza kwisha kwa siku chache. Watu waliingia baharini hata kwenye dhoruba na baridi kali kwa kuogopa kukosa, na walikufa. Mwaka 2005 wakaleta mafungu: kila mwenye haki anajua kiasi chake, anavua kwa wakati wake. Meli zilizokuwa kama 250 zikashuka chini ya 100 kwa muda mfupi. Vifo vikapungua. Hilo ni jema kabisa, silibezi.

Lakini mafungu yaligawiwaje? Kwa kumbukumbu. Walitazama karatasi za miaka iliyopita, nani alishusha kaa kiasi gani, ndipo wakapiga hesabu. Katika haki za kuvua, asilimia 97 zilikwenda kwa wenye leseni za meli na asilimia 3 kwa manahodha. Baharia wa kawaida, yule anayevuta mitego huku maji ya barafu yanampiga usoni, hakupata fungu. Jina lake halikuwa kwenye karatasi. Meli zilipopungua, zaidi ya watu elfu moja walikosa nafasi zao za kazi.

Niliposoma hapo nikainuka nikaenda kulichukua kauntabuku. Nikalifungua ukurasa baada ya ukurasa. Kilo, kilo, kilo. Kama mgao ungekuja kesho na mtu akataka kumbukumbu za kaa wa Mbutu, ningempa daftari linaloonyesha kwamba kaa wote wametoka kwangu. Na ningepata fungu mimi, ambaye sijawahi kuingiza mkono kwenye shimo la kaa. Yule bibi angekuwa kibarua kwenye tope lake mwenyewe.

Tangu siku ile naandika jina la kila mchokoaji, idadi ya kaa wake, madume mangapi, majike mangapi, uzito wa kila mmoja.

Hapo kwenye majike nina neno. Alaska wanachukua madume tu, na kwa kaa mkubwa mwekundu wa Bristol Bay, ghuba ya huko, lazima gamba lifike inchi 6.5 kwa upana. Majike wote wanarudi majini. Huku kwetu utasikia watu wanasema, "Tusivue kaa mwenye mayai," na wanaona wameshahifadhi. Jamani, kaa wa mikoko hatagi kwenye mikoko. Jike akishapandwa na kukomaa anaondoka, anatoka mlangoni mwa mkondo, anakwenda kutaga bahari kuu, mayai kwa mamilioni yamebanwa chini ya tumbo. Ndiyo maana mchokoaji anaweza kumaliza mwaka bila kumwona kaa mwenye mayai ya nje. Sheria ya kumwacha huyo ni rahisi kuitii kwa sababu hatukutani naye.

Anayepaswa kuachwa ni yule anayejiandaa kuondoka. Mgeuze kaa chali. Dume ana kifuniko chembamba tumboni, kimechongoka kama ncha ya mkuki. Jike mchanga chake ni cha pembetatu, kimepauka. Jike aliyekomaa kifuniko kimetanuka, kimekuwa duara, karibu kinafunika tumbo zima, na pembeni kina manyoya. Ukimpasua huyo utakuta ndani amejaa rangi ya chungwa, mayai ambayo bado hajayatoa. Na huyuhuyu ndiye wanunuzi wa nje wanamlilia. Tajiri mmoja aliniongezea bei kwa kila jike aliyejaa, nami nilimpelekea, misimu miwili. Naumia nikiyakumbuka yale matenga. Nilimwambia siendelei, akahamia kwa mnunuzi mwingine, na mpaka leo kipato changu hakijarudi pale kilipokuwa.

Kwa hao wa Alaska, kuhesabu kwao ndiko nilikokupenda zaidi. Kila kiangazi wanapita na meli za utafiti kwenye Bahari ya Bering kabla ya kusema mwaka huu mvue kiasi gani. Ilipofika 2021 wakakuta kaa wa theluji, aina nyingine ya kaa wa huko, wametoweka. Watafiti walikuja kukadiria zaidi ya bilioni 10. Si kwamba walivuliwa kupita kiasi. Maji yalipata joto, njaa ya kaa ikaongezeka, chakula hakikutosha. Oktoba 2022 uvuvi wa kaa hao ukafungwa, mara ya kwanza kabisa. Mgao wote ule haukuzuia joto, lakini hesabu iliwaambia wasimame. Sisi mikoko yetu ikikatwa nguzo, au mkondo ukifukiwa kifusi mtu ajenge, nani ataliona kwenye hesabu? Hesabu yenyewe haipo. Ipo kwenye kauntabuku langu na kwenye vichwa vya wale kina mama.

Kwa hiyo msimamo wangu, na nilimwambia afisa uvuvi uso kwa uso: kwa watu wanaotembea kwa miguu na ndoo, msianze na tani. Anzeni na jike aliyekomaa aachwe. Kisha mkondo mmoja upumzishwe kwa zamu, kama wenzetu wa Songosongo wanavyofunga miamba ya pweza miezi mitatu kisha wanafungua. Wale wanaona faida kwa macho yao siku ya kufungua, kwa hiyo wanalinda wenyewe. Na kama mgao utakuja, na uje, ugawiwe kwa waliochokoa.

Alinisikiliza. Akaomba kuliona daftari, akapiga picha kurasa kadhaa kwa simu yake.

Jumamosi iliyopita nililipeleka kwenye duka la fotokopi. Bibi wa Mbutu nilimpa karatasi zake, kurasa tisa. Hasomi vizuri, akamwita mjukuu wake amsomee. Mtoto akasoma tarehe ya kwanza, kaa kumi na mmoja, madume wanane. Bibi akamkatiza: "Tisa. Mmoja nilimpikia babu yako." Nimeongeza safu kwenye daftari, ya kaa wa kula nyumbani.